Kawaida Mbili na Dharura Moja: Uhakiki wa Majina ya Aina za Mabadiliko katika Usimamizi wa Huduma za Tarakilishi

Nia ya makala haya ni kuhakiki uainishaji mmoja ambao hadi leo umeachiwa mafundi peke yao, ilhali kiini chake ni suala la lugha. Wasimamizi wa huduma za tarakilishi katika mabenki, hospitali, vyuo na idara za serikali hawaigusi mitambo yao hivi hivi tu. Kila wanapotaka kubadilisha kitu, hulitia badiliko hilo katika fungu moja kati ya matatu, na kila fungu lina njia yake ya kupita. Kwa Kiingereza mafungu hayo huitwa 'standard', 'normal' na 'emergency'. Mfasiri anayefuata usemi wa kila siku, na asiyejihadhari, hujikuta ameandika: mabadiliko ya kawaida, mabadiliko ya kawaida, na mabadiliko ya dharura. Mpiga chapa hajakosea. Mafungu matatu yamekuwa mawili, na fundi aliyekabidhiwa mwongozo huo hana tena njia ya kujua kama kazi iliyo mbele yake anaweza kuifanya sasa hivi bila ya kumwuliza mtu, au haruhusiwi kuigusa mpaka wakubwa wakae.

Msomaji wa jarida hili ataweza kuuliza: haya yanatuhusu nini sisi wa idara ya lugha? Yanatuhusu kwa kuwa mwananchi wa leo anayetuma fedha kwa simu, anayelipa karo ya mwanawe au anayeomba pasipoti kupitia mtandao wa serikali, hategemei tena karani na daftari lake. Anategemea mitambo ambayo watu asiowajua huibadilisha usiku, yeye akiwa amelala. Mwaka 2015 mitambo ya M-Pesa ilihamishwa kutoka Ujerumani ikaletwa Kenya, na mamilioni ya wateja walioamka asubuhi wakatumiana fedha hawakuwa na haja ya kujua nani alikata shauri kwamba usiku ule ndio usiku wenyewe. Lakini yuko aliyekata. Utaratibu unaomtaja mtu huyo, na unaoeleza ni kwa idhini gani amefanya alilofanya, umeandikwa kwa maneno, na maneno ndiyo kazi yetu.

Chimbuko la mafungu matatu

Uainishaji huu umetoka Uingereza. Katika miaka ya 1980 wakala wa serikali ya nchi hiyo ulioitwa CCTA ulianza kukusanya miongozo ya kuendesha mitambo ya tarakilishi katika ofisi za umma. Mkusanyo huo ukapewa jina la ITIL, na mabuku yake ya kwanza yakatoka mwishoni mwa mwongo huo. Toleo la pili lilianza kutoka mwaka 2000, la tatu mwaka 2007 (nalo likapitiwa upya mwaka 2011), na la nne mwaka 2019. Katika safari hiyo hata jina la shughuli yenyewe limebadilika. Kwa muda mrefu liliitwa usimamizi wa mabadiliko; toleo la nne likaanza kwa kuliita udhibiti, kisha baada ya muda mfupi likageuzwa tena kuwa uwezeshaji. Anayetazama majina haya matatu kwa jicho la mhakiki atatambua kwamba waandishi walikuwa wakipambana na lawama. Walilaumiwa kwamba wanazuia kazi, wakachagua neno linaloahidi kuipisha.

Sasa tutazame mafungu yenyewe. Fungu la kwanza ni la mabadiliko ambayo hatari yake inajulikana, hatua zake zimeandikwa, na idhini yake imekwisha kutolewa mapema kwa jumla: kumwekea mfanyakazi mpya tarakilishi, kwa mfano, au kuondoa kifaa kilichokufa na kuweka kingine cha aina ile ile. Fungu la pili ni la mabadiliko ambayo kila moja hupimwa peke yake, likaombewa idhini yake na kupangiwa siku yake. La tatu ni la yale yasiyoweza kungoja, kwa sababu huduma imekwisha kuanguka au itaanguka yasipofanywa.

Wengi huchukulia kwamba mafungu haya yanapimwa kwa ukubwa wa kazi. Sivyo. Upo upimaji mwingine wa ukubwa, na toleo la pili liliutaja waziwazi: madogo, ya maana na makubwa. Huo hukaa ndani ya fungu la pili na kuamua suala lipelekwe kwa mkubwa wa ngazi gani. Wengine huchukulia kwamba yanapimwa kwa wingi wa kutokea, yaani linalofanywa mara kwa mara na lile la nadra. Hilo pia sivyo, ingawa liko karibu zaidi na ukweli, na kwa hiyo linapotosha zaidi. Kipimo cha kweli ni idhini, yaani nani ameruhusu, na ameruhusu lini: kabla ya haja kutokea, baada ya kuombwa, au katikati ya mtafaruku. Jina lolote la Kiswahili lisilobeba habari ya idhini ni jina pungufu, hata likiwa tamu namna gani masikioni.

Kawaida, mazoea na usanifu

Neno kawaida lina historia inayostahili kukumbukwa hapa. Kwa Kiarabu, lilikotoka, maana yake ni msingi au kanuni, na wingi wake ndio jina la kanuni za sarufi. Katika Kiswahili cha zamani kidogo, mtu akisema jambo fulani ni kawaida ya nyumba ile, alimaanisha kwamba ndiyo sheria ya pale. Baadaye neno limelegea. Leo kawaida ni lile lisilo la ajabu. Ni wali usiotiwa viungo, ni siku isiyokuwa sikukuu. Ajabu ni kwamba lau neno lingebaki na maana yake ya awali, lingelifaa fungu la kwanza barabara. Kwa maana yake ya leo halifai fungu lolote.

Je, 'standard' tuliiteje? Hapa watu wa lugha hawana haja ya kwenda mbali, maana tumelitumia neno hilo karibu karne nzima tukizungumza juu ya lugha yetu wenyewe. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili cha kuandikia vitabu vya shule katika Afrika Mashariki. Tarehe 1 Januari 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuvisoma vitabu na kuvipitisha. Kiswahili kilichotokana na kazi hiyo hatukukiita Kiswahili cha kawaida. Tulikiita Kiswahili sanifu. Kilikuwa sanifu kwa sababu wenye mamlaka walikaa, wakachagua, wakaandika na kutangaza. Wala hakikuwa sanifu kwa sababu watu wengi walikisema hivyo majumbani, kwani hawakukisema hivyo, na wenye Kimvita chao wana la kusema juu ya uchaguzi ule hata leo. Baada ya uamuzi huo mwandishi hakuhitaji tena kuomba ruhusa kwa kila neno aliloliandika. Ruhusa ilikuwa imekwisha kutoka, maadamu amebaki ndani ya mipaka.

Hiyo ndiyo maana kamili ya fungu la kwanza. Napendekeza basi liitwe sanifu. Neno hili lina faida nyingine isiyopatikana katika Kiingereza: kilichosanifiwa kina msanifu, na anaweza kuulizwa. Tena kinaweza kusanifiwa upya, au kuondolewa usanifu wake kikionekana kina kasoro.

Wapo watakaosema, kwa nini tusiyaite mabadiliko ya mazoea? Neno ni jepesi, kila mtu analielewa. Wepesi huo ndio hatari yake. Mazoea hujengwa na kurudia peke yake. Mtu akifanya jambo mara kumi likaenda vizuri, mara ya kumi na moja hatazami. Usanifu hudai zaidi: kwamba mtu ameandika ni lipi limeruhusiwa na lipi liko nje ya ruhusa hiyo. Tofauti ya maneno haya mawili ilionekana na dunia nzima tarehe 19 Julai 2024.

Siku hiyo kampuni ya Marekani ya CrowdStrike, inayouza programu ya ulinzi iitwayo Falcon, ilipeleka badiliko katika tarakilishi za wateja wake zinazotumia Windows. Kwa saa za Afrika Mashariki ilikuwa saa moja na dakika tisa asubuhi. Badiliko lilikuwa faili moja tu la maelezo, si programu mpya. Tarakilishi zilizolipokea zilizimika na kushindwa kuwaka tena. Kampuni ililiondoa baada ya dakika 78, lakini mashine zilizokwisha kulipokea zilihitaji kuendewa na mtu kwa mkono, moja moja. Microsoft ilikadiria kwamba mashine milioni 8.5 ziliathirika. Ndege zilibaki uwanjani, hospitali zikaahirisha matibabu.

Kinachomhusu mhakiki ni taarifa iliyotolewa na kampuni yenyewe baadaye. Ilikuwa na njia mbili. Programu kamili ilipitia majaribio mengi, ikapelekwa kwa awamu, na mteja aliweza kuamua abaki toleo moja au mawili nyuma. Faili za maelezo zilikuwa na njia nyingine: zilikaguliwa na programu ya ukaguzi, kisha zikaenda kwa wote kwa mara moja, na mteja hakuwa na la kuchagua. Mteja aliyejihadhari akabaki nyuma kwa toleo moja alianguka pamoja na asiyejihadhari. Kwa nini faili hili liliaminiwa? Kwa sababu aina hiyo ya faili ilijaribiwa mwezi Machi, zikafuata nyingine kadhaa zikaenda salama. Lakini zile za mwanzo hazikuwahi kukigusa kipengele cha 21, ambacho programu iliyokuwa ikisubiri upande wa pili haikukitarajia; yenyewe ilikuwa na vipengele 20 tu. Faili la Julai lilikigusa.

Kampuni haikusema kwamba hilo lilikuwa badiliko la fungu la kwanza, wala mimi siwezi kuisemea. Nasema tu kwamba lilitendewa kama la fungu hilo, na kwamba lililolipitisha ni mazoea. Mafanikio ya Machi yaligeuzwa kuwa idhini ya Julai, pasi na mtu kuuliza kama lililofanikiwa na linalopelekwa ni kitu kile kile. Usanifu ungemlazimisha mtu aandike: idhini hii ni ya faili lenye vipengele hivi na hivi, linalozidi hapo si sanifu, lirudi kwenye shauri.

Shauri na baraza

Nimetaja shauri, na sina budi kulieleza, maana ndilo jina ninalolipendekeza kwa fungu la pili.

Katika Kiingereza chenyewe jina 'normal' ni bovu. Miongozo hulieleza fungu hili kwa kukanusha: ni badiliko lisilo la kwanza wala la tatu. Fungu linalotaka fikira nyingi kuliko yote limepewa jina la kitu kisichotaka fikira. Tena mahali panapoendeshwa vizuri mabadiliko mengi kwa idadi huwa ya fungu la kwanza, hata haiwezi kusemwa kwamba hili la pili ndilo la kila siku. Mfasiri hana wajibu wa kuubeba udhaifu wa mwenzake. Akiandika kawaida amekuwa mwaminifu kwa neno na kumsaliti msomaji.

Shauri kwa Kiswahili lina maana zaidi ya moja, na kwa bahati njema zote zinatufaa. Kwanza ni mawaidha: kumpa mtu shauri, kushauriana. Pili ni jambo lililo mbele ya watu likingoja uamuzi, kama shauri lililo mbele ya hakimu. Tatu ni jukumu: nikikuambia shauri lako, nimekuambia kwamba matokeo ni yako, usinitafute. Badiliko la fungu la pili linayo yote matatu. Linashauriwa, linaamuliwa, na lina mwenyewe wa kuulizwa baadaye. Sijaliona neno la Kiingereza linaloyakusanya hayo.

Hapa panazuka suala la baraza. Miongozo ya ITIL ilipendekeza kwa miaka mingi kuwe na kikao cha watu wa idara mbalimbali cha kushauri juu ya mabadiliko. Jina lake la Kiingereza linasema wazi kwamba kazi yake ni ushauri. Mwenye kuidhinisha ni mwingine. Katika ofisi nyingi, za Ulaya na za kwetu, kikao hicho kiligeuka kuwa ndicho chenye kuidhinisha, na Kiswahili kinachokiita kamati ya kuidhinisha mabadiliko hukamilisha upotovu huo kwa kuutia muhuri. Baraza ni neno zuri zaidi likikumbukwa asili yake ya pwani: kiti cha jiwe mbele ya nyumba, wanapoketi watu jioni wakazungumza. Pale baraza husikilizwa, lakini nyumba ina mwenyewe. Tatizo ni kwamba serikali zetu zimekwisha kulipa neno hilo mamlaka, kuanzia baraza la mawaziri hadi baraza la mji, na sidhani kwamba tutalirudisha kibarazani.

Kama kikao kikiidhinisha badala ya kushauri, kuna ubaya gani? Mwaka 2018 Nicole Forsgren, Jez Humble na Gene Kim walitoa kitabu Accelerate, kilichotokana na dodoso walizopeleka kwa maelfu ya watu wanaotengeneza programu. Walikuta kwamba pale ambapo idhini hutoka kwa kikao au mkubwa aliye nje ya kundi linaloifanya kazi, mabadiliko huchelewa, na kurudisha huduma iliyoanguka huchelewa pia; lakini uwiano wa mabadiliko yanayoharibika haupungui. Dodoso ni dodoso, nami si mtu wa kuapia dodoso. Hata hivyo matokeo hayo yanaafikiana na tunayoyajua sote tuliowahi kukaa katika vikao: mtu kumi wakitia saini karatasi moja, kila mmoja huamini kwamba wale tisa wameisoma. Shauri la kila mtu si shauri la mtu yeyote.

Dharura na kiasi chake

Fungu la tatu ndilo ambalo tafsiri yake imetulia, na ndilo ambalo neno letu limelishinda neno la Kiingereza. Katika toleo la pili la miongozo fungu hili halikuitwa dharura. Liliitwa kwa neno lenye maana ya uharaka. Neno la sasa lilikaa imara katika toleo la mwaka 2007. Uharaka ni hali ya moyo wa mwombaji. Kila mkuu wa idara ana haraka, na kila aliyechelewa kuwasilisha ombi lake hugundua usiku wa mwisho kwamba lake ni la haraka. Waliobadilisha neno walijua walifanyalo.

Dharura katika Kiswahili imekuja pamoja na elimu ya fikihi, nayo ina mizani yake tayari. Wanafikihi hufundisha kwamba dharura huruhusu lililokatazwa. Lakini hufundisha pia, na sehemu hii ndiyo husahauliwa, kwamba ruhusa hiyo hupimwa kwa kiasi cha dharura yenyewe. Anayekufa kwa njaa huruhusiwa kula mzoga, wala haruhusiwi kushiba na kufunga masazo ya safarini. Fundi aliyeamshwa saa nane ya usiku huruhusiwa kuruka kikao, lakini haruhusiwi kutumia mlango uliofunguka kupitisha na yale mengine aliyokuwa ameyaweka kando. Tena haruhusiwi kuruka kumbukumbu. Ataandika, hata kama ataandika baadaye.

Mfano wa dharura iliyokosa kiasi ni ule wa Knight Capital, kampuni ya Marekani ya kununua na kuuza hisa. Mwishoni mwa Julai 2012 mafundi wake walikuwa wakiweka programu mpya katika seva nane. Seva moja waliisahau, wala hapakuwa na utaratibu ulioandikwa wa mtu wa pili kukagua kazi ya wa kwanza. Ndani ya seva hiyo ya nane ilikuwamo programu ya zamani isiyotumika tangu 2003. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti, kabla ya soko kufunguliwa, mitambo ilituma barua 97 za ndani zenye kutaja kosa hilo. Hazikuwa zimepewa jina la onyo, basi hakuna aliyezitenda kama onyo. Soko lilipofunguliwa, programu ya zamani ikaanza kununua na kuuza pasipo kikomo.

Ndipo ikaja dharura. Mafundi, wakitafuta chanzo, waliiondoa programu mpya katika zile seva saba zilizokuwa sawa. Kwa kitendo hicho ubovu wa seva moja ukaenea katika seva zote. Kwa muda wa dakika 45 hivi kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 460. Mwaka 2013 tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa iliitoza faini ya dola milioni 12, na mwaka huo huo kampuni ikaunganishwa na nyingine.

Waliofanya vile hawakuwa wajinga. Walidhani kwamba kurudisha mambo yalivyokuwa si kubadilisha. Dhana hiyo hiyo iliwaponza wenye benki ya RBS ya Uingereza mwezi Juni mwaka ule ule wa 2012: programu ya kupanga kazi za usiku ilipandishwa toleo, ikaonekana ina matatizo, ikaamuliwa irudishwe ya zamani bila ya kwanza kujaribu kitakachofuata. Huko kurudisha ndiko kulikovuruga hesabu za wateja zaidi ya milioni 6.5, na wasimamizi wa mabenki wakatoza faini ya jumla ya pauni milioni 56 mwaka 2014. Kurudisha ni kubadilisha pia, nako kunataka fungu lake na idhini yake.

Badiliko au badilisho?

Limebaki neno lenyewe la msingi, nalo naona limetuponza kuliko vivumishi vyake vyote. Tumekuwa tukisema badiliko, wingi mabadiliko. Neno hilo limenyambuliwa kutoka kitenzi badilika, chenye kiambishi cha hali. Kinachobadilika hubadilika, sarufi haimwulizi mtendaji. Majira hubadilika, sauti ya mvulana hubadilika. Taarifa isemayo kwamba mabadiliko yalitokea katika mfumo saa tisa usiku haina kosa la sarufi, na haina mtu ndani yake.

Taaluma tunayoizungumzia ina neno jingine kwa yale yanayotokea yenyewe, yaani tukio, na tafsiri hiyo ni sahihi kabisa: seva ikizimika ghafla, hilo ni tukio, limetukia. Mpaka kati ya kilichotukia na kilichofanywa ndio nguzo ya taaluma nzima. Kiingereza hakiuonyeshi mpaka huo katika umbo la neno, kwa kuwa neno lake la badiliko hutumika kwa yote mawili. Kiswahili kinaweza kuuonyesha, kama kitatumia unyambuaji wake. Tunalo fundisho kutoka fundisha, onyesho kutoka onyesha, sahihisho kutoka sahihisha. Fundisho lina mfundishaji na sahihisho lina msahihishaji. Kwa njia hiyo hiyo tutapata badilisho kutoka badilisha, na badilisho halina budi kuwa na mbadilishaji.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Itasemwa kwamba si kila nomino yenye -ko imetoka katika kitenzi cha hali, na ni kweli: andiko na tamko ni vitendo vya watu. Lakini andika na tamka si vitenzi vya hali katika matumizi ya leo, na badilika ni cha hali waziwazi. Itasemwa pia kwamba badilisha ina maana ya kubadilishana, kama kubadilisha fedha. Maana hiyo ipo. Katika chumba cha mitambo haitamchanganya mtu. Pingamizi iliyo nzito zaidi ni kwamba neno mabadiliko limekwisha kuenea, na haliwezi kung'olewa. Siombi ling'olewe. Mabadiliko yabaki kwa yale yanayobadilika. Katika daftari la idhini, ambamo kila mstari sharti uwe na jina la mtu, liandikwe badilisho: badilisho sanifu, badilisho la shauri, badilisho la dharura.

Kuna jamii nyingine ya maneno ambayo ningependa ipigwe marufuku katika daftari hilo, nayo ni maboresho na marekebisho. Matangazo wanayopelekewa wateja hupenda sana kusema kwamba huduma haitapatikana kwa sababu ya maboresho ya mfumo. Kuboresha ni kufanya kitu kiwe bora, na hilo haliwezi kujulikana mpaka kazi imekwisha. Aliyeandika maboresho amekwisha kujipa alama kabla ya mtihani. Kama kazi ikiharibika, mwananchi anabaki na tangazo linalomwambia kwamba fedha zake hazionekani kwa sababu mfumo umekuwa bora. Miongozo ya Kiingereza, pamoja na makosa niliyoyataja, haina kosa hili: imechagua neno lisilosema kama matokeo ni mema au mabaya, na hapo tuwaige.

Bado halijapatikana neno zuri la yule mwenye kutoa idhini. Toleo la nne la miongozo limeacha kumtaja mkubwa mmoja na kusema kwamba kila aina ya badilisho iwe na mamlaka yake. Pengine mkuu wa idara, pengine mwenzake fundi aliyeikagua kazi, pengine hata programu iliyowekewa masharti. Mwidhinishaji ni neno refu na linanuka wino wa ofisi. Mwenye idhini linachanganya aliyeitoa na aliyepewa. Mwidhini lingekuwa fupi, ila sijapata kulisikia likisemwa na mtu, na wenzangu wa mofolojia huenda wakawa na hoja juu yake. Zaidi ya hayo, maneno yote matatu yako katika ngeli ya watu, na sijui tutasemaje pale ambapo aliyeidhinisha ni programu.